Umeshuka mlimani na mechi inakaribia: ukakae baa, kambini au chumbani?

Kuna saa ambayo kila mpanda mlima anayependa mpira anaijua. Mlima umeshauacha nyuma, vumbi limefika kwenye nyusi, magoti yanatetemeka kila ukikanyaga ngazi, na muda si mrefu mwamuzi atapuliza kipenga. Njaa ipo, kiu ipo, hamu ya bia ya baridi ipo, na hamu ya kuiona timu yako uwanjani imezishinda zote. Unakwenda wapi?

Swali hili nimelijibu kwa njia tatu. Nimewahi kuingia moja kwa moja kwenye baa yenye runinga kubwa, nimewahi kubaki kambini na kutazama pamoja na wapandaji wenzangu, na nimewahi kujifungia chumbani na skrini ndogo. Kila njia imenipa jioni nzuri, na kila njia imeniharibia jioni nyingine. Nilikuja kugundua kwamba sikuwa nakosea mahali. Nilikuwa nakosea hesabu: zipo dakika ngapi kati ya kuvua viatu na kuanza kwa mechi, na katika dakika hizo mwili unapata nini kwanza. Ukishaijua hesabu hiyo, kuchagua mahali kunakuwa rahisi.

Mwili ulioshuka nao

Watu wengi hudhani kupanda ndiko kunakoumiza. Kupanda kunachosha moyo na pumzi, lakini kushuka ndiko kunakochana misuli. Ukiwa unashuka, misuli ya mapaja inakaza huku inavutwa, ikikuzuia usiporomoke, na kazi ya namna hiyo huacha majeraha madogo madogo ndani ya nyuzi zake. Ndiyo maana jioni ile ile unaweza kujiona mzima kabisa, halafu kesho yake ukatoka kitandani umeshika ukuta. Maumivu hayo huwa makali zaidi kati ya saa 24 na 72 baada ya safari. Kwa hiyo usiipime hali yako kwa namna unavyojisikia unapoingia mlangoni.

Pamoja na hayo, maji na chumvi vimetoka kwa jasho, akiba ya wanga kwenye misuli imepungua, na nguo za ndani zina unyevu hata kama hulihisi hilo. Ukiwa unatembea, mwili unajitengenezea joto. Ukikaa tu, joto hilo linakatika, na unyevu ule unaanza kukupoza. Hapa ndipo tofauti ya mahali inapoanza kuonekana.

Baa: sauti, skrini na hatari ya kiti cha kwanza

Nianze na baa kwa sababu ndiyo ninayoipenda, na sitaki upendo huo unifanye nikudanganye.

Hakuna mahali pengine panapokupa mpira kama baa iliyojaa. Skrini ni kubwa, picha inatoka kwenye king'amuzi na hivyo haikatikikatiki, jiko lipo, na watu usiowafahamu wanakukumbatia bao likiingia. Mmeshuka pamoja mkiwa kundi, siku nzima mmezungumza kwa pumzi fupi fupi, na sasa kila mtu ana sauti yake tena. Mlima hukufanya uwe kimya, na baa inakurudishia makelele. Kwangu mimi hiyo nayo ni sehemu ya kupumzika, na sioni sababu ya mtu kuionea haya.

Lakini baa ina mpangilio wake, na mpangilio huo unakwenda kinyume na mahitaji ya mwili wako. Bia inafika mezani baada ya dakika mbili, chakula baada ya dakika arobaini, na maji hayafiki mpaka uyaombe. Mtu mwenye kiu ya mlima akipewa glasi ya bia, anainywa kama maji. Ya pili inafika kabla sahani haijatoka jikoni. Tumbo tupu hupitisha kilevi haraka kwenda kwenye damu, na mwili uliochoka unakisikia mapema kuliko siku nyingine.

Siku moja tulishuka kwenye mvua nyepesi na tukaingia baa tukiwa na fulana zile zile. Mechi ilikuwa imeshaanza, kwa hiyo hakuna aliyetaka kupoteza hata dakika moja kubadilisha nguo. Nilikunywa chupa mbili nikajiona nimepata joto zuri. Ilipofika mapumziko nilikuwa natetemeka mpaka glasi inagonga meno. Sikujua wakati huo kwamba kilevi hutanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi. Ngozi inapata joto na wewe unafurahi, kumbe joto hilo linatoka ndani ya mwili na kupotelea nje. Mtu aliyelowa na kuchoka hatakiwi kupashwa moto kwa bia. Kipindi cha pili sikukiona, nilikuwa nimejifunika koti la rafiki yangu kwenye kona.

Halafu kuna kiti. Viti virefu vya kaunta ni adui wa magoti yaliyoshuka mlima, kwa sababu miguu inaning'inia na goti linabaki limekunjwa mechi nzima. Dakika 90, mapumziko ya dakika 15 na dakika za nyongeza zinakaribia saa mbili. Ikiwa ni mechi ya mtoano na imeisha sare, huenda ukaongeza dakika 30 za muda wa ziada na mikwaju ya penalti. Fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 18 Desemba 2022, Argentina na Ufaransa zilipotoka sare ya 3–3 na Argentina ikashinda 4–2 kwa penalti, ilichukua zaidi ya saa mbili na nusu. Mtu aliyekaa hivyo muda wote huo baada ya kushuka mlima atahitaji msaada kusimama. Tafuta meza yenye kiti cha chini ambapo unaweza kunyoosha mguu, hata kama skrini itakuwa mbali kidogo, na kila mpira ukitoka kwa kona au mchezaji akitibiwa, simama.

La mwisho kuhusu baa ni kurudi. Kabla hujaagiza chochote, ujue nani anaendesha, na huyo asinywe hata moja. Uchovu peke yake unatosha kumfanya dereva asinzie. Uchovu uliochanganywa na bia hauna dereva anayeuweza.

Kambini: pale ambapo mwinuko unaamua

Njia ya pili ni kubaki kwenye nyumba ya wageni au kambi ya mlimani, kama ina runinga kwenye sebule ya pamoja. Faida yake ni kwamba hakuna safari nyingine. Unavua viatu mlangoni, kitanda kiko hatua ishirini, na wanaotazama nawe wote wamechoka kama wewe, kwa hiyo hakuna anayekushangaa ukilala kwenye benchi umeinua miguu. Mazungumzo ya mapumziko yanakuwa ya njia, ya lile jabali lililotutisha, ya nani alipotelea wapi.

Hapa lazima uulize kwanza: kambi iko mita ngapi juu ya usawa wa bahari? Kuanzia kama mita 2,500 kwenda juu, ugonjwa wa mwinuko unaweza kumpata mtu yeyote, hata mwenye mazoezi. Hewa ni nyepesi, na usiku unapolala pumzi inapungua zaidi. Kilevi huongeza tatizo hilo, kwa sababu kinapunguza ule msukumo wa mwili wa kuvuta pumzi zaidi hewa inapokuwa haitoshi. Tena dalili za ugonjwa wa mwinuko, yaani kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu na kizunguzungu, zinafanana sana na za mtu aliyelewa jana yake. Asubuhi hutajua kama ukae kitako upoe au uanze kushuka haraka, na kosa la hapo linaweza kuwa kubwa. Kwa hiyo ikiwa kambi iko juu namna hiyo na kesho bado mnapanda, kwangu bia haina nafasi. Tazama mechi na kikombe cha chai.

Mwinuko unaingia hata jikoni. Kwenye mita 3,000 maji huchemka kwenye nyuzi kama 90 za Selsiasi badala ya 100, ndiyo maana maharage yanachukua muda mrefu sana kuiva na wali unaweza kubaki na kiini kigumu. Mpishi wa kambi akisema chakula kitachelewa, anasema kweli. Agiza mnapofika, msingoje mapumziko ya mechi.

Na wapenda mpira wanajua kwamba mwinuko una historia yake uwanjani. Mwaka 2007 FIFA ilipiga marufuku mechi za kimataifa kwenye viwanja vilivyo juu ya mita 2,500, ikakutana na upinzani mkali kutoka nchi za milima ya Andes huko Amerika Kusini, na mwaka uliofuata marufuku hiyo ikasimamishwa. Tarehe 1 Aprili 2009 Bolivia iliifunga Argentina 6–1 mjini La Paz, kwenye uwanja ulio mita zipatazo 3,600. Argentina ilikuwa na Messi uwanjani na Maradona kama kocha. Nikiwa kambini nimechoka kwa kupanda ngazi nne tu kwenda chooni, huwaza wachezaji wale waliotakiwa kukimbia dakika 90 kwenye hewa kama hiyo, na ninaitazama mechi kwa heshima nyingine kabisa.

Ubaya wa kambi unajulikana. Umeme unaweza kukatika, skrini ni ndogo, na mtu anayetaka kulala saa tatu usiku ana haki yake. Ukipiga kelele dakika ya 88, umemwamsha mtu atakayeanza safari saa nane usiku.

Chumbani: maji ya moto, miguu ukutani na bao linalokuja limechelewa

Kwa upande wa mwili, chumba kinashinda bila ubishi. Unaoga, unavaa nguo kavu, unalala chali na kuegemeza miguu ukutani, unakula ulichokichagua mwenyewe kwa wakati unaoutaka. Bia ikiwepo ni zile tu ulizonunua, na jikoni hakuna mtu anayekuuliza kama akuongeze.

Kwa upande wa mpira, chumba kina udhaifu wa aina mbili. Wa kwanza ni usingizi. Sijawahi kumaliza kipindi cha pili nikiwa nimelala kitandani baada ya siku ndefu ya mlima, hata mara moja. Kaa kwenye kiti, na miguu uiweke juu ya begi.

Wa pili ni kuchelewa kwa picha. Mechi inayorushwa kwa intaneti mara nyingi huwa nyuma kwa nusu dakika au zaidi ikilinganishwa na ile ya king'amuzi. Timu yako inapiga pasi katikati ya uwanja, na jirani ameshapiga kelele ya bao. Au simu inalia, na rafiki yako amekwisha kukuandikia. Ukitazama kwa njia hiyo, zima arifa zote na ufunge dirisha.

Lakini chumba kina zawadi moja ambayo baa haina: unaweza kuitazama mechi iliyokwisha. Hili nalisisitiza kwa sababu wapanda mlima hatulitumii ipasavyo. Shabiki wa mjini akitaka kutazama marudio bila kujua matokeo, lazima ajifiche dunia nzima. Wewe umeshafichwa. Umekuwa sehemu isiyo na mtandao tangu alfajiri, hujui lolote, na mechi iliyochezwa mchana ukiwa bado juu kwenye miamba, kwako ni mpya kama inachezwa sasa. Mlima umekutunzia matokeo.

Sharti ni moja: usiwashe data ya simu ukifika chini. Niliwahi kuitunza siri hiyo saa tisa nzima, nikaharibu kila kitu kwa kutaka kumjulisha mama kwamba nimeshuka salama. Mtandao uliposhika, ujumbe wa kwanza kwenye skrini ulikuwa matokeo pamoja na jina la mfungaji. Siku hizi namjulisha kwa kumpigia simu ya kawaida, na data naiacha imezimwa mpaka mechi iishe. Waambie na wenzako kwenye gari. Mmoja wao atakuwa na haraka ya kuangalia.

Bia yenyewe

Bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu zipatazo 20 za kilevi. Mwili huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, kwa hiyo bia moja tu inachukua takribani muda wa mechi nzima au zaidi kutoka mwilini. Mbili zinakupeleka mpaka usiku wa manane.

Swali ambalo wapanda mlima huulizana sana ni kama bia inarudisha maji mwilini. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 uliwapa watu waliotoka jasho vinywaji vyenye kilevi cha viwango mbalimbali. Kilevi cha asilimia 1 au 2 hakikuleta tofauti kubwa, lakini kilipofika asilimia 4 mkojo uliongezeka na kurudi kwa maji mwilini kukachelewa. Ina maana bia ya kawaida imevuka mpaka huo kidogo tu, na bia nyepesi ya asilimia 2 au chini yake haijauvuka. Utafiti mwingine, wa Australia, uliotoka mwaka 2014, uliangalia ujenzi wa misuli baada ya mazoezi. Wanaume waliokunywa sana, kiasi cha vinywaji 12 hivi, ujenzi wao wa protini ya misuli ulipungua kwa asilimia 37, na kwa asilimia 24 hata walipopewa protini pamoja na kilevi hicho. Hicho ni kiwango cha ulevi na hakiwezi kulinganishwa na glasi moja ya jioni. Ninachokichukua hapo ni kwamba bia moja baada ya maji na chakula haimdhuru sana mtu mzima mwenye afya, bali kunywa mfululizo kunakula kazi ya siku nzima.

Bia isiyo na kilevi, yaani ile iliyo chini ya asilimia 0.5, imenibadilisha mawazo. Ina uchungu ule ule na povu lile lile, ina wanga kidogo, na inakata kiu bila kukuzungusha. Mpango wangu wa sasa ni maji kwanza, kisha moja isiyo na kilevi nikiwa nangoja chakula, halafu ile ya kweli kipindi cha pili kinapoanza.

Na kama umemeza ibuprofen kwa ajili ya goti, iache kabisa bia ya usiku huo. Dawa hiyo pamoja na kilevi inaongeza hatari ya tumbo kutoka damu, na figo zilizopungukiwa na maji hazipendi dawa hiyo hata bila kilevi.

Chakula

Hapa si pagumu. Unahitaji wanga, protini, chumvi na maji. Bakuli kubwa la wali au viazi na mayai matatu au manne, au kipande cha nyama au samaki, vinatosha, na supu yenye chumvi ndiyo kitu bora kuanza nacho kwa sababu inaleta maji, chumvi na joto kwa pamoja. Ukiwa unapanda tena kesho, kula wanga ndani ya saa ya kwanza. Kama kesho ni ya kulala, hakuna haraka hiyo. Chipsi za baa si dhambi: zina wanga na chumvi unayoihitaji. Tatizo lake ni mafuta mengi kwa tumbo lililochoka, kwa hiyo usizifanye mlo wako wote.

Mimi ningechagua hivi

Mechi ikiwa inaanza baada ya saa moja au zaidi tangu uvue viatu, nenda baa, lakini utumie saa hiyo: nguo kavu, nusu lita ya maji au zaidi, sahani ya chakula mbele yako kabla ya kipenga. Ukifanya hivyo, baa inakupa kila kilicho kizuri na inakunyima karibu kila kilicho kibaya.

Ikiwa zimebaki dakika ishirini, usikimbilie kipindi cha kwanza. Nenda kaoge, ule, uingie baa wakati wa mapumziko. Najua inauma, hasa timu ikiwa ni yako. Lakini dakika 45 ulizozitazama unatetemeka na tumbo tupu utazisahau, na kipindi cha pili utakipata ukiwa na nguvu za kushangilia.

Ikiwa mechi ilichezwa ukiwa juu, chagua chumba, na simu ibaki imezimwa data. Ikiwa kesho mnapanda tena na kambi iko juu ya mita 2,500, baki kambini na chai. Ikiwa mmelowa, mmoja wenu ana homa au goti limevimba, chumba tena, hata kama ni fainali.

Na usiku wa kufunga begi kabla ya safari, ifungie fulana kavu na soksi kavu kwenye mfuko usiopitisha maji, uviweke juu kabisa ya vitu vyote, mahali ambapo mkono utavifikia ukiwa bado umesimama mlangoni.